Muuza mafuta ya nyoka: nyoka anasingiziwa

Mmarekani akimwita mtu "muuza mafuta ya nyoka", anamwita tapeli mwenye ulimi mtamu, anayenadi kitu kwa sifa anazojua fika kwamba hakina. Leo jina hilo huwaangukia hata wanasiasa na wapiga debe wa hisa.

Dhana: Mafuta ya nyoka yalikuwa upuuzi tangu mwanzo.

Hapana. Wachina walichulia viungo vinavyouma kwa mafuta ya nyoka wa majini, na mafuta hayo yana omega-3 kwa wingi, aina ya mafuta inayosaidia kupunguza uvimbe. Haina maana kwamba yanatibu kila ugonjwa. Wengi husimulia kwamba vibarua wa Kichina waliojenga reli ya kuvuka Marekani miaka ya 1860 ndio walioyaingiza huko. Yawezekana, ila simulizi hiyo isifanywe msahafu.

Dhana: Clark Stanley aliponzwa na mafuta ya nyoka.

Aliponzwa na kukosekana kwa mafuta hayo! Stanley, muuza dawa Mmarekani aliyejiita Mfalme wa Nyoka, alivuta umati kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Alimpasua nyoka mbele ya watu, akamtumbukiza kwenye maji yanayochemka, mafuta yakaelea, akayaengua. Nani angebisha wakati ameona kwa macho yake? Lakini wakemia wa serikali walipokuja kupima chupa zake, walikuta mafuta mepesi ya madini, mafuta ya mnyama kama asilimia 1 hivi, yaelekea ya ng'ombe, na pilipili. Dalili ya nyoka hakuna. Kwa maoni yangu, ujanja wote ulikuwa kwenye hiyo pilipili: ukijichua, ngozi inapata moto, nawe unaapa kwamba dawa inaingia.

Dhana: Sheria ya mwaka 1906 iliwamaliza matapeli hawa.

Sheria hiyo ya vyakula na dawa iliwabana kwenye lebo. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba haihusu madai ya uongo kuhusu uponyaji, na Bunge likalazimika kuziba mwanya huo mwaka 1912. Stanley alikuja kunaswa baadaye, baada ya kuuza kwa zaidi ya miaka 20. Faini yake ilikuwa dola 20. Chupa moja alikuwa akiitangaza kwa senti 50, kwa hiyo chupa 40 tu zilitosha kuilipa.