Huaqiao sio kila Mchina unayemuona nje ya China

Nimeona tena habari imetafsiriwa, ofisa wa China kaenda Malaysia kusalimia "diaspora ya China", halafu wanatajwa watu ambao babu zao walishazikwa hukohuko Penang. Jamani.

Kwa kifupi, kazi ya serikali ya kuwafuatilia na kuwatembelea watu hawa inaitwa qiaowu. Beijing ilikuwa na ofisi nzima ya kazi hiyo chini ya baraza la serikali, mwaka 2018 ikahamishiwa kwenye idara ya Chama cha Kikomunisti. Hilo tuliache, shida yangu ni neno huaqiao, yaani raia wa China anayeishi nje, ambalo watu huwabandika wote hao.

Huaqiao. Hua ni China, hiyo rahisi. Qiao sasa ndo tamu, maana yake kukaa ugenini kwa muda huku kwenu kukiwa bado kwenu, na ni neno la zamani sana, enzi za utawala wa kifalme wa Jin ya Mashariki huko China kwenye karne ya 4 watu wa kaskazini walikimbilia kusini kwa vita na serikali ikawaundia wilaya za qiao, zenye majina ya kule walikotoka, yaani kama vile wote wangerudi kesho. Kwa hiyo huaqiao sio mlowezi, ni kama mtu aliyepanga nyumba. Aliyejenga yake, akachukua na uraia wa huko, huyo anaitwa huaren.

Na hii sio mambo ya kamusi tu. Sheria ya uraia ya China ya 1909 ilisema mtoto wa baba Mchina ni Mchina popote alipozaliwa, sasa piga picha Indonesia imepata uhuru, ina mamilioni ya watu ambao nchi nyingine nayo inawahesabu ni wake, nani atalala? Ndo maana 1955 kule Bandung, Indonesia, waziri mkuu wa China Zhou Enlai akasaini mkataba na nchi hiyo kwamba mwenye uraia wa nchi mbili achague mmoja. Sheria ya 1980 ikafunga mlango kabisa, China haitambui uraia pacha. Kwa hiyo ofisa akimwita Mmalaysia huaqiao, ni sawa na kumwambia bado ni raia wangu, na wenyewe wanakereka kweli, watakwambia sisi ni huaren.

Kituko kingine kiko hukuhuku kwetu. Yule fundi Mchina aliyeletwa na kampuni kujenga SGR ya Mombasa–Nairobi, ambaye kila mtu angeapa ndiye huaqiao mwenyewe, kwa maelezo ya serikali ya China ya 2009 siye, maana aliyetumwa kikazi hahesabiwi, hata mwanafunzi aliyeenda kusoma nje hahesabiwi. Mwenye duka Kariakoo aliyekaa miaka na vibali vyake na pasi bado ya China, huyo anaweza kuwa.

Kuna vyeo na salamu ambazo ofisa husema yote mawili kwa pamoja, huaqiao huaren, na anayetafsiri anayabana yanakuwa "Wachina wa ng'ambo". Naelewa, nafasi ya kichwa cha habari ni ndogo. Ila ndani ya habari andikeni tu "raia wa China waishio nje na watu wenye asili ya China", na kama wote waliokuwa ukumbini wana pasi za Malaysia basi hao ni Wamalaysia, waiteni hivyo.