Wati Hazina Kosa: Dhana Potofu za Wenye Leseni Mpya ya Redio ya Ridhaa

"Mwalimu, ile redio ya wati 5 nimeiweka kabatini, sasa nina ya wati 10. Mbona ripita bado hainisikii?"

Ripita ni kituo, mara nyingi cha mlimani, kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha upya yafike mbali. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa watu wengi mno. Huja siku chache baada ya mtihani wa redio ya ridhaa, yaani redio ya kujifunza na kuwasiliana bila biashara, wino wa leseni haujakauka, tena kutoka kwa watu wenye akili na hamu ya kweli. Ndiyo maana linaniuma. Fedha ambazo zingewafikisha mbali zimeishia kwenye kitu kisichowasaidia, na wengine hukata tamaa hapo hapo, redio ikarudi kwenye boksi lake. Kwa hiyo hili nitalieleza kwa kirefu. Mengine nitayapitia haraka.

Dhana: Sisikiki kwa sababu redio yangu ina nguvu ndogo

Hapana. Tuanze na hesabu, maana ulijibu swali lake kwenye mtihani, ukaisahau ulipotoka mlangoni. Kutoka wati 5 hadi wati 10 ni desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Alama moja ya S, ile inayoonyesha ukubwa wa mawimbi kwenye mita ya redio, ni desibeli 6. Umenunua redio nzima ili upande nusu ya alama, badiliko ambalo anayekusikiliza huenda asilitambue kabisa. Kupanda alama moja kamili kunataka nguvu mara 4, yaani wati 20. Ukiruka hadi wati 50, redio ya kufungwa kwenye gari na yenye kiu ya betri, bado hujafikisha alama 2. Na kwenye FM, mawimbi yako yakishafika safi bila mkwaruzo, nguvu ya ziada haiongezi kitu.

Kinachokuzuia ni dunia yenyewe. VHF na UHF, masafa ya redio hizi za mkononi, husafiri karibu kama jicho linavyoona, na kupita upeo wa macho kwa kiasi kidogo. Ipo hesabu ya haraka ambayo nataka kila mwenye leseni aijue kwa moyo: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa upeo wako wa redio kwa kilomita. Mtu aliyesimama na redio usawa wa kinywa, mita 1.5 kutoka ardhini, upeo wake ni kilomita 5. Wawili wa namna hiyo kwenye tambarare tupu watafikiana kilomita 10, kisha mgongo wa dunia unaingia kati yao. Pandisha antena hadi mita 9, upeo unavuka kilomita 12. Ripita iliyo kileleni, mita 900 juu ya tambarare, upeo wake unapita kilomita 120. Iangalie tena hesabu hiyo. Wati hazimo popote.

Kama huamini, tazama juu. Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa, ISS, huzunguka takriban kilomita 400 kutoka ardhini, na ndani yake imo ripita ya redio za ridhaa. Watu huifikia kwa redio ya mkononi ya wati 5 na antena ndogo yenye mwelekeo, wamesimama uwanjani, kwa sababu kati yao na chombo hakuna ukuta wala kilima. Mtu huyo huyo akirudi ndani, nyuma ya kuta za zege na nondo, anashindwa kufungua ripita iliyo kilomita 15. Na satelaiti ya kwanza ya watu wa redio ya ridhaa, OSCAR 1, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1961, ilibeba transmita ya miliwati 140 hivi. Hata kiwango cha chini kabisa cha redio nyingi za mkononi kinazidi hapo. Ilisikika katika nchi 28.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Nguvu hufanya kazi upande mmoja tu. Ukiongeza wati, wengine watakusikia zaidi kidogo, lakini wewe hutawasikia hata chembe zaidi. Wakongwe wa redio humwita mtu wa namna hiyo mamba: mdomo mkubwa, masikio madogo. Antena nzuri hufanya kazi pande zote mbili, inaporusha na inapopokea, wala haili betri.

Basi ufanye nini? Kwanza toka nje. Ukiwa ghorofani, sogea dirishani upande uliko mlima wa ripita. Wakati mwingine hatua 2 tu kushoto au kulia zinatosha, kwa kuwa mawimbi yanayogonga kuta hukutana yakafutana mahali pamoja na kuongezeana pengine.

Pili, itilie shaka ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio. Ilitengenezwa iwe rahisi kubeba. Antena ya robo ya wimbi kwenye megahezi 145 inataka urefu wa sentimita 49 hivi. Ile ya mpira imekunjwa ndani ikawa fupi, na hulipia ufupi huo. Tena inakosa nusu yake ya pili, ikategemea mkono na mwili wako. Chukua kipande cha waya laini cha sentimita 49, kichune ncha moja, kifunge kwenye chuma cha nje cha shina la antena (upande wa ardhi, si ule wa katikati), ukiache kining'inie. Ni hicho tu. Nimeona watu waliokuwa wakisikika kwa kukatika-katika wakisikika vizuri kwa kipande hicho cha waya, na sichoki kukihubiri.

Tatu, tengeneza antena ya nje. Waya mmoja wa sentimita 49 umesimama, mingine 4 mirefu kidogo imeshuka kwa nyuzi 45 chini yake, yote kwenye soketi moja. Ipandishe juu ya paa, mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ikianguka haitazigusa. Hilo la umeme halina mjadala.

Kisha angalia kebo inayounganisha redio na antena, maana hapa ndipo wengi hupoteza walichopata. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 20 hula karibu desibeli 4 kwenye megahezi 145, na karibu 7 kwenye megahezi 435. Wati 50 zikiingia upande wa redio kwenye masafa hayo ya juu, zinazotoka kwenye antena ni kama 10. Umenunua redio kubwa ili upashe kebo moto. Kebo nene, au fupi, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko amplifaya.

Kwenye HF, masafa ya chini yanayoweza kufika mabara mengine, maneno ni yale yale, ila huko antena huambatana na bendi (kundi la masafa) na saa. Dipoli ya megahezi 14 ni waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa juu kadiri uwezavyo. Megahezi 14 kwa kawaida hufika mbali mchana. Megahezi 7 hufika mbali usiku. Anayeita kwa wati 400 kwenye bendi iliyofungwa, isiyofikisha mawimbi mbali saa hiyo, anajichosha. Mnamo tarehe 18 Oktoba 1924, Frank Bell, aliyekuwa kwenye shamba la kondoo huko New Zealand, aliwasiliana na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London. Karibu nusu ya mzingo wa dunia. Hawakufika kwa mitambo mikubwa. Walifika kwa masafa mafupi, yale ambayo miaka michache nyuma yalidhaniwa hayana faida, ndiyo maana yakaachiwa watu wa ridhaa.

Sisemi nguvu haina kazi. Kwenye sauti ya SSB, namna ya kurusha sauti inayotumika sana HF, iliyo ukingoni mwa kelele, desibeli 10 zinaweza kuwa tofauti kati ya kueleweka na kutoeleweka. Lakini hizo ziwe za mwisho kununuliwa. Hata Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinataka kituo kirushe nguvu ile tu inayotosha kwa mawasiliano mazuri.

Dhana: SWR yangu ni 1 kwa 1, kwa hiyo antena yangu ni nzuri

SWR ni kipimo cha nguvu inayorudishwa kwenye redio badala ya kupokelewa na antena; 1 kwa 1 maana yake hakuna inayorudi. Mzigo bandia wa omu 50, ile kopo unayojaribia redio bila kurusha hewani, una SWR ya 1 kwa 1. Je, ni antena nzuri? SWR inakuambia kama redio inaridhika na kilichofungwa nyuma yake, basi. Haikuambii kama nguvu inageuka mawimbi au inageuka joto.

Rudi kwenye ile kebo ya mita 20. Kwenye megahezi 435, hata antena ikikatika kabisa huko juu, nguvu inayorudi hupunguzwa na kebo safari zote 2, kwenda na kurudi, desibeli 14 kwa jumla. Mita yako iliyo chini itasoma kama 1.5. Utapiga picha uwaonyeshe wenzako, na juu ya paa hakuna antena. Pima kwenye antena yenyewe. Na ukipata 2 kwa 1 usikose usingizi: nguvu inayorudishwa ni asilimia 11, na kwa redio nyingi hilo halina madhara. Nimeona watu wakikata na kukata waya wakitafuta kutoka 1.4 hadi 1.1 mpaka dipoli ikawa fupi ya bendi nyingine. Waache waya kwenye 1.4, wakaongee.

Dhana: Ripita imekufa, naisikia lakini hainijibu

Kama unaisikia, haijafa. Mara nyingi hujaweka toni. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie toni ndogo ya CTCSS chini ya sauti yako, kwa mfano hezi 88.5, na toni hiyo si ya kusikiliza, ni ya kurusha. Hakikisha pia tofauti kati ya masafa unayosikilizia na unayorushia, na mwelekeo wake, kujumlisha au kutoa. Kwenye VHF mara nyingi ni kilohezi 600. Vitu vitatu: masafa, tofauti, toni. Viangalie kabla ya kumpigia simu mtu wa klabu.

Dhana: Bila Morse wewe si mtu wa redio

Mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2003 uliondoa kimataifa sharti la kujua Morse, msimbo wa nukta na vistari, ukaziachia nchi ziamue, na nyingi zimeliondoa. Jifunze Morse kama unaipenda. Mimi naipenda, inapenya pale sauti inaposhindwa. Lakini anayemdharau mgeni kwa kutoijua anaifukuza damu mpya.

Dhana: Leseni ni yangu, naweza kuitumia kwenye shughuli zangu za biashara

Huwezi. Huduma hii kimataifa inaelezwa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi, bila maslahi ya fedha. Kuagiza mzigo au kuelekeza madereva kuna leseni zake. Hata kuficha maneno kwa msimbo ili wengine wasielewe hakuruhusiwi kwenye mawasiliano ya kawaida ya nchi na nchi.

Dhana: Siwezi kuita mpaka nijue lugha yote ya watu wa redio

Hii hainikasirishi, inanisikitisha, kwa sababu walionayo ni wale waangalifu ambao tungewahitaji zaidi. Wanasikiliza miezi, hawabonyezi kitufe cha kurusha. Huhitaji misimbo ya Q (vifupisho vya herufi tatu) kwenye ripita, wala sauti ya mtangazaji. Sikiliza kwanza kama kuna wanaoongea. Kukiwa kimya, taja alama yako ya wito, zile herufi na namba ulizopewa na leseni, sema unasikiliza. Ukijibiwa, taja jina lako, ulipo, na useme wazi kwamba hii ni mara yako ya kwanza. Ukikosea, sema umekosea, endelea. Ukikosa jibu, jaribu tena jioni, watu wanapokuwa wametoka kazini. Na ukishabonyeza kitufe, hesabu sekunde moja kimya kabla ya kufungua kinywa: ripita huchelewa kidogo kufunguka, na usipoisubiri, itakachomeza ni mwanzo wa alama yako ya wito.