Kwa nini mchanga wa Diani ni mweupe na wa Malindi humetameta?

Dirishani kwangu nina chupa mbili za mchanga. Moja niliijaza Diani, nyingine Malindi. Ya Diani ni nyeupe na laini kama unga. Ya Malindi ni ya hudhurungi, na jua la asubuhi likiipiga hutoa vimulimuli kama vumbi lililofagiwa kwenye karakana ya sonara. Wageni wengi wakiziona hudhani moja nimeitoa ng'ambo, ilhali kati ya fukwe hizo mbili ni kama kilomita 150 tu. Bahari ni hiyo hiyo na jua ni hilo hilo.

Jibu fupi ni kwamba mchanga wa Diani ulizaliwa baharini, na wa Malindi ulizaliwa bara. Jibu refu linataka safari ya Pwani ya Kenya kutoka kusini kwenda kaskazini, na ningekushauri uifanye hivyo hivyo, polepole, kwa sababu kila kituo kina kipande chake cha jibu.

Anza Diani maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hukaribia mita 4, kwa hiyo maji yakitoka, yanatoka kweli. Utaona mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mbali. Huo ni mwamba wa matumbawe, na ndani yake kuna maji tulivu ya kina kifupi. Hapo ndipo kiwanda cha mchanga kilipo. Tumbawe ni kiunzi cha chokaa kinachojengwa na wanyama wadogo mno. Kando yake wamo konokono wa bahari, kombe, na aina ya mwani unaojijengea vipande vya chokaa vilivyoungana kama mkufu. Vyote hivyo vikifa huvunjika, mawimbi huvisaga, na mabaki huletwa ufukweni.

Yupo pia mfanyakazi ambaye watalii wengi humla kwa chipsi bila kumshukuru: pono. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, na kwa mdomo huo huparua mwani ulioota juu ya matumbawe, akimeza na chokaa pamoja. Ndani ya koo ana meno mengine ya kusagia. Chakula kinabaki mwilini, chokaa inatoka nyuma ikiwa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ndiye huyo huyo wa ule msemo wa kulala usingizi wa pono, na kwa kazi anayoifanya mchana kutwa, nadhani usingizi wake ni halali.

Ukitaka kuhakikisha, huhitaji maabara. Dondoshea mchanga wa Diani matone ya siki au ndimu. Utaona vipovu vikichemka, kwa sababu asidi hula chokaa na kutoa hewa. Lakini si punje zote zitakazochemka. Zipo ngumu zinazofanana na vioo vidogo, zinazokaa kimya. Hizo hazikutoka kwa pono. Zilitoka vilimani.

Vilima vyenyewe ni Shimba Hills, nyuma ya Diani, mwendo mfupi kwa gari. Vimepanda hadi mita 450 hivi, si kitu mbele ya Kilimanjaro, ila upepo wa bahari ukivigonga hupanda, hupoa na kudondosha mvua na ukungu. Ndiyo maana ufukweni unatokwa jasho huku juu unatafuta sweta. Msituni mna tembo, na palahala, ambaye nchini Kenya humpati porini kwingine. Mna pia maporomoko ya Sheldrick, ya zaidi ya mita 20, na ukifika chini yake unaruhusiwa kuoga. Mwamba wa vilima hivi ni mchanga wa kale uliogandamana kuwa jiwe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kwa hiyo Shimba nayo ni mchanga, ila mchanga mstaafu, na mvua inaurudisha kazini punje kwa punje.

Mbona basi haukuzika weupe wa Diani? Kwa sababu hakuna mto mkubwa unaomwagikia pale. Maji mengi ya Shimba hunywewa na ardhi, na mengine hushika njia za kando: Mto Ramisi huelekea kusini zaidi, na Mwachema hutokea mwisho wa kaskazini wa Diani, karibu na msikiti wa kale wa Kongo. Nenda hapo siku mbili baada ya mvua uone rangi ya maji, kisha urudi kusini kwa miguu uone yanavyosafika. Mito ya kusini nayo hukutana na mikoko kabla ya kuifikia bahari wazi. Pale Gazi wanakijiji wameilinda mikoko yao kiasi kwamba tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Mizizi ya mkoko na mchu hufanya kazi ya chujio la chai: udongo hukwama, maji hupita.

Sasa vuka feri ya Likoni uingie kisiwa cha Mombasa. Watu hung'ang'ania simu na mikoba yao, ni sawa, lakini tazama pia maji unayoyavuka. Meli kubwa kabisa za mizigo zinapita hapo bila wasiwasi, na jina lenyewe, Kilindini, linasema sababu: ni mahali penye kilindi. Kilindi hicho kilichimbwa na mito. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu na bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Vijito vinavyotoka Shimba na Rabai vilikuwa na mteremko mrefu wa kushuka, vikakata mabonde marefu. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyameza. Mtwapa na Kilifi ni hadithi hiyo hiyo; ukisimama kwenye daraja la Kilifi unatazama bonde la mto lililozama. Mbele ya kila hori kama hili mwamba umekatika, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji ya mto yasiyo na chumvi wala tope. Wavuvi huita pengo hilo mlango, na bila mlango Mombasa isingekuwa bandari.

Kisiwa chenyewe ni tumbawe la kale, lililojengwa zamani bahari ilipokuwa juu kidogo kuliko sasa. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imekaa juu ya mwamba huo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe yake na kupakwa chokaa yake. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, mtafute mkoko tena: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kupita kiasi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Kaskazini ya Kilifi utafika Watamu, na mchanga bado ni mweupe. Jirani yake pana hori la Mida, limezungukwa na mikoko, ila halina mto unaolimwagikia. Maji yake yasiyo na chumvi hutoka chini ya ardhi. Hakuna wa kuleta udongo. Watamu hadi Malindi ni kilomita 20 hivi, na katika kilomita hizo ndipo rangi inabadilika.

Anayeibadilisha ni Sabaki. Mto huu hutoka bara, pande za Nairobi, ukiitwa Athi. Ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia bahari unakuwa Sabaki, na kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi unamwagika. Njiani hupita Ukambani na Tsavo, nchi ya miamba ya kale sana iliyopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi. Miamba hiyo ina punje ngumu zinazofanana na kioo, na ina ulanga, madini yanayobanduka vipande vyembamba kama karatasi na kuakisi mwanga. Vimulimuli vya chupa yangu ni ulanga huo. Ile michirizi myeusi unayoiona ufukweni Malindi wimbi likirudi ni madini mazito yenye chuma na titani. Wimbi hubeba chepesi na kuacha kizito. Jaribu siki hapa: vipovu vichache, basi.

Sabaki haileti mchanga tu, huleta na udongo mwekundu wa mashamba, na hapa ndipo pananisikitisha kidogo. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, kama pete za mti. Udongo wa mto ukifika baharini huachia madini ya bari (barium), na tumbawe huyahifadhi katika tabaka la mwaka huo. Wanasayansi walipolikata tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, walisoma humo kwamba udongo ulikuwa wa kiasi kwa karne mbili, kisha ukapanda mara kadhaa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, misitu ya bara ilipokatwa na vilima kulimwa. Ghuba ya Malindi imejaa mchanga, ufukwe umepanuka, na zipo hoteli za zamani zilizojengwa karibu na maji ambazo leo mgeni wake hutembea hatua nyingi kuyafikia. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968 pamoja na ya Watamu, ipo upande wa kusini wa mji, na tope likizidi huifikia.

Lini? Hilo huamuliwa na pepo, na kwa mtalii ni jambo la kujua kabla ya kulipia chumba. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi, mkondo husukuma maji ya Sabaki kaskazini, kuelekea Mambrui na mbele yake. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, huyarudisha kusini, mbele ya mji. Mvua za vuli zikiwa kubwa huko bara na kaskazi ikaingia mto ukiwa bado umefura, Malindi huogelea katika chai ya maziwa. Ajabu ni kwamba huo ndio msimu wenyewe wa wageni. Mwenye kutaka maji maangavu wakati huo na ateremke Watamu. Mwenye kutaka kuona mto ukifanya kazi yake aende mlangoni mwa Sabaki maji yakikupwa, palipo na viboko na ndege wa kila namna, atazame mstari ambapo maji mekundu yanagusana na ya buluu.

Chupa yangu ya Malindi niliijaza Januari. Maji niliyochota pamoja na mchanga yalikuwa mekundu, na yalichukua siku tatu kutulia. Juu ya mchanga palibaki tabaka jembamba la udongo, rangi yake ileile ya barabara ya shambani Machakos.