Shajara ya kujijua ni nini?

Shajara ni daftari ambalo mtu huandikia mambo ya siku yake. Ikiitwa shajara ya kujijua, inabeba kazi moja ya ziada: anayechunguzwa ni mwandishi mwenyewe. Anaandika alichofanya, alichohisi na kilichotangulia, kisha baada ya muda anarudi kusoma ili aone mwenendo wake.

Uganda hatukuanza jana kuandika shajara. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, hadi London kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na safari nzima akawa anaandika kwa Kiganda aliyoyaona. Ile ilikuwa shajara ya kutazama nje: watu, meli, majengo. Tunayoizungumzia hapa inatazama ndani, na huko ndani ni rahisi zaidi kujidanganya.

Chukua mfanyabiashara wa mitumba pale soko la Owino, Kampala. Jioni anaandika: "Leo siku mbaya, wateja wamenikasirisha." Sentensi hiyo ni hukumu, ushahidi haumo. Wiki ijayo haitamfundisha chochote. Sasa tuseme ameandika hivi: "Saa kumi na moja jioni shemeji alipiga simu, anataka laki moja. Nikasema sawa kabla hajamaliza. Baadaye mteja aliomba nimpunguzie bei ya shati kwa elfu mbili tu, nikamfokea." Hapo pana saa, mtu, kiasi, na tendo lililofuata. Akiandika namna hiyo kwa muhula mmoja wa shule, huenda akagundua kwamba ugomvi wake na wateja huja siku ambazo ameshindwa kusema hapana nyumbani, au wiki ambazo karo inadaiwa. Wateja hawakuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana kusoma tena ni nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu kubwa. Mwenye duka anayeandika madeni kila siku bila kujumlisha hajui nani anamdai wala nani anadaiwa. Wengi hukomea kwenye kuandika, wakapata nafuu ya usiku mmoja, wakadhani wamejijua.

Nafuu hiyo nayo si ya kubeza. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika tukio lililowaumiza, pamoja na walivyohisi. Hawa wa pili walitoka na huzuni mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Tafiti nyingi zimefuata, na zikijumlishwa faida inaonekana ipo ila ni ndogo. Anayekuuzia daftari la bei kali kwa ahadi ya maisha mapya anauza jalada.

Kilichonivutia zaidi katika kazi ya Pennebaker ni maneno yenyewe. Walionufaika walielekea kuongeza, siku hadi siku, maneno kama "kwa sababu", "nimeelewa", "kumbe". Habari yao ilikuwa inasogea. Kinyume chake ni kucheua: kuandika lawama ileile Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa maneno yaleyale. Ukijikuta hapo, acha kidogo. Njia mojawapo ya kutoka ni kujiandikia kama mtu mwingine, kwa jina lako: "Amina alinyamaza kikaoni. Aliogopa nini?" Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wameonyesha kwamba kujitaja hivyo humpa mtu nafasi ya kulitazama jambo akiwa ametulia zaidi. Na kama kila ukiandika unazama, usiku hulali, huo si mzigo wa daftari. Mtafute mshauri nasaha au mhudumu wa afya.

Lugha? Andika kwa ile unayoitumia ukigombana. Mtu wa Bombo anayewaza kwa Kinubi, anayefanya biashara kwa Kiswahili na kuomba msamaha kwa Kiganda hana sababu ya kusafisha sentensi zake. Hakuna mwalimu atakayesahihisha. Wala si lazima uandike kila siku. Siku zilizokushangaza kwa mwenendo wako ndizo zenye faida.

Tatizo halisi kwa wengi wetu ni faragha. Ukiishi kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, na watu watano, daftari lililo chini ya godoro ni gazeti la familia. Ukijua litasomwa, utaanza kujipamba, na shajara iliyopambwa haina kazi. Kwa mzigo unaotaka kuutua tu, andika kisha uchane karatasi. Hapo husubiri kusoma tena. Kwa unayotaka kuyafuatilia, simu yenye namba ya siri inatosha, au daftari linalobaki kwenye kabati la kazini lenye kufuli, na majina ya watu yafupishwe kwa herufi ambazo wewe pekee unazijua.