Umeacha wanga, LDL imepanda: soma karatasi yote ya majibu

Kila inapokaribia Siku ya Moyo Duniani, Septemba 29, foleni ya vipimo hurefuka, na siku hizi ndani yake kuna watu walioacha ugali, wali na chapati wakahamia kwenye mayai, nyama na parachichi. Wengi wamepungua kweli. Sukari imeshuka, shinikizo la damu limetulia. Tunawapongeza kwa dhati, na makala haya hayamrudishi mtu kwenye sahani ya wali.

Shida inaanza kwenye karatasi ya majibu ya lehemu, yaani kolesteroli: LDL ni ile inayojenga utando kwenye mishipa, HDL ni ile inayosaidia kuiondoa, na trigliseridi ni mafuta mengine ya kwenye damu. Chukua mfano: lehemu yote 7.9, HDL 1.9, trigliseridi 0.7, LDL 5.7, zote kwa milimoli kwa lita. Mwenye majibu haya huingia akitabasamu, kwa sababu trigliseridi iko chini na HDL iko juu, na ndivyo mlo wa wanga kidogo unavyowafanyia wengi. Nikimwonyesha LDL ananiambia yake ni ya chembe kubwa, haina madhara. Jibu hili nimelisikia mara nyingi mno. Chembe za LDL, kubwa kwa ndogo, zote hupenya ukuta wa mshipa. Kinachoumiza ni wingi wake na miaka zinayokaa kwenye damu. HDL kuwa nzuri hakufuti LDL iliyopanda. Ikifika 4.9 na kuendelea, miongozo ya tiba inamweka mtu kwenye hatari kubwa hata kama ni mwembamba, havuti sigara na anakimbia kila asubuhi. Hapo tutauliza pia kama kuna ndugu wa damu aliyepata mshtuko wa moyo mapema, kabla ya miaka 55 kwa mwanaume au 60 kwa mwanamke, maana ipo lehemu ya kurithi.

Kama karatasi yako imeandikwa LDL 220, hiyo ni miligramu kwa desilita: gawanya kwa 38.67 na utaipata 5.7 ileile. Trigliseridi hugawanywa kwa 88.5.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza siku. Tunakutaka umefunga saa 10 hadi 12, kwa maji matupu. Ukila chakula cha usiku saa mbili, fika saa mbili asubuhi. Usinywe pombe siku moja kabla, wala usifanye mazoezi mazito jioni ya kuamkia kipimo. Beba fomu ya daktari, lipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au onyesha kadi ya bima, kisha kaa kwenye benchi dakika 10 hadi 15, kwa sababu mtu aliyetolewa damu mara tu baada ya kusimama foleni lehemu yake husomeka juu kidogo kuliko ya aliyekaa. Jina la kwenye fomu lifanane na la kitambulisho. Yasipofanana sampuli inakataliwa na unaanza upya. Hapo hatulegezi, hata kwa tunayemfahamu.

Mama mmoja alifika saa moja asubuhi ameshika chupa ndogo ya chai. "Sijala kitu, dokta, hii kahawa tu." Alipoifungua, juu yake limeelea duara la mafuta ya nazi, vijiko viwili. Kahawa yenye mafuta ni chakula. Anayetuficha tunaweza kumgundua baadaye, damu ikishazungushwa kwenye mashine: seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu, huwa na ukungu, na wakati mwingine ni nyeupe kama tui. Hasara ni yake, kwani maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja. Huchukua lehemu yote, zikatoa HDL, zikatoa na trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi ikipandishwa na kahawa ile, LDL hutoka ndogo kuliko ilivyo; ikipita 4.5, hesabu hiyo haitumiki kabisa.

Kipimo cha tone la damu ya kidole kwenye mabanda ya kampeni mara nyingi husoma lehemu yote tu. Kwa mtu wa wanga kidogo, mwenye HDL kubwa, namba hiyo peke yake haitoshi kumtisha wala kumtuliza. ECG nayo husoma umeme wa moyo. Ikiwa safi haimaanishi mishipa ni safi. Picha ya CT ya madini ya kalisi huonyesha utando wa kwenye mishipa ya moyo uliokwisha kuwa mgumu, ule laini hauonekani, kwa hiyo sifuri ya kijana wa miaka 35 isimlevye. Chati za hatari ya ugonjwa wa moyo za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, kwa umri wa miaka 40 hadi 74, tunazitumia, ila si za kumtuliza mwenye LDL ya 5.7.

Kabla ya dawa, tazama kikaango. Samli, siagi, mafuta ya nazi na mawese yana mafuta mengi ya aina inayopandisha LDL. Badili kwa alizeti, karanga, korosho, dagaa na samaki. Rudisha bamia, mlenda na maharage kiasi. Uzito ukiendelea kuporomoka lehemu huyumba, basi subiri utulie, kisha pima tena baada ya wiki 8 hadi 12.

Statini, dawa za kushusha lehemu, hutolewa kwa cheti cha daktari. Usimeze za jirani, wala usiache zako kwa sababu umepungua. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi asiache wanga kabla ya kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Na njoo na majibu ya kabla hujaacha wanga, hata karatasi ikiwa imechakaa. Bila hayo hatuwezi kujua kama LDL hiyo imeletwa na mlo au ulizaliwa nayo.