Pawa saplai ya pedali za gitaa: soma maandishi kabla ya kutoa hela

Wapiga gitaa wanaoniletea vifaa vyao huwa na malalamiko ya aina mbili. Ama pedali "imekufa tu ghafla", ama ubao mzima wa pedali unavuma kiasi kwamba fundi mitambo wa kanisani au ukumbini anawafokea. Mara nyingi pedali yenyewe, yaani kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, haina kosa. Mtu kanunua pedali ya Strymon kwa zaidi ya milioni, halafu anailisha kwa adapta aliyoichomoa kwenye ruta.

Tuanze na volti, maana hapo hakuna mjadala. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), lakini si zote. MXR M108S, ile ekolaiza ya bendi kumi, inataka 18. DL4 ya kwanza ya Line 6, ile ya kijani iliyotoka 1999, inataka volti 9 za AC (umeme wa kupishana, kama wa ukutani), na Whammy toleo la nne la DigiTech nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo "volti tisa" peke yake haitoshi. Tazama kama pembeni pameandikwa AC au DC, ama pana kimstari chenye vidoti chini yake, ambacho ndiyo alama ya DC.

Kuzidisha volti ndiko kunakoua. Pedali za mtindo wa Klon, ambayo ni overdrive (pedali ya kukwaruzisha sauti), zina chipu ndogo ya kupandishia volti, kwa kawaida MAX1044 au ICL7660, ambayo kikomo chake ni kama volti 10. Ukiipa 12 inaondoka bila hata kutoa moshi. Kuna wanaosema overdrive ikipewa 12 au 18 "inafunguka" zaidi. Kwa baadhi ni kweli, lakini kafanye hivyo kwa pedali ambayo mtengenezaji wake ameruhusu kwa maandishi.

Sasa ncha, yaani chanya na hasi zinakaa wapi, na hapa ndipo kazi yangu nyingi inapotokea. Pedali za gitaa kwa kawaida zinataka hasi katikati na chanya kwenye ganda la nje. Vifaa vingine vingi vya nyumbani ni kinyume: ruta, king'amuzi, kamera za CCTV, vinanda vya Yamaha, vyote chanya iko katikati. Na kichwa cha waya ni kilekile, milimita 5.5 kwa 2.1, kinaingia laini kabisa. Watengenezaji wa pedali hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Jeki ya umeme ina swichi ndogo upande wa ganda, ambayo ukichomeka adapta inakata waya wa chanya wa betri, ili betri na adapta zisigongane. Ndiyo maana chanya ikawekwa nje.

Ukifungua pedali iliyochomekwa kinyume, angalia pale nyaya za umeme zinapofika kwenye bodi. Utaona dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) moja nyeusi yenye mstari wa fedha, 1N4001 au ndugu yake 1N5817, imewekwa kati ya chanya na graundi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme) kwa mwelekeo wa kinyume. Umeme ukiingia sawasawa, dayodi hiyo haifanyi kitu. Ukiingia kinyume, inafungua njia na kumeza mkondo wote ili bodi isiguswe. Adapta dhaifu inalemewa na kuzima, unagundua kosa, mambo yanaisha. Lakini adapta ya ampia mbili hailemewi. Inaendelea kusukuma hadi dayodi inaungua, na ikiungua mara nyingi inabaki imejishika kama kipande cha waya. Baada ya hapo hata ukiweka adapta sahihi pedali haiwaki, kwa sababu chanya na graundi zimegusana. Ukiikuta hivyo, ing'oe dayodi, weka nyingine. Ni ya bei ya soda au chini ya hapo. Pedali nyingi "zilizokufa" hufufuka hapo hapo.

Zipo pedali zinazovunja desturi. TimeFactor ya Eventide inataka chanya katikati. HX Stomp ya Line 6 ina hasi katikati kama wenzake, ila tundu lake ni la pini nene ya 2.5, na adapta yake ni ya ampia 3. Sitakushauri uiondoe HX Stomp kwenye adapta yake ya asili mpaka uwe umehakikisha saplai yako ina njia (tundu la kutolea umeme) yenye uwezo wa kuibeba.

Miliampia ndizo zinazowachanganya watu bure. Wanaogopa kwamba adapta ya miliampia 500 itaunguza pedali inayotaka 10. Hapana. Volti zinasukumwa, miliampia zinavutwa: simtanki la lita elfu halimlazimishi mtu kunywa lita elfu. Hatari iko upande wa pili, pedali inapotaka 300 na njia inatoa 100. Hapo utasikia delay (pedali ya mwangwi) inakwaruza, taa zinafifia, au pedali ya digitali inajiwasha na kujizima yenyewe.

Chukua ubao wa kawaida. Tuner (ya kutunia nyuzi) ya Boss TU-3, niihesabie miliampia 85 taa zake zote zikiwaka. Ibanez TS9, haifiki hata 10. MXR Carbon Copy, 26. Boss DD-8, 65. Strymon BigSky, 300. Jumla inakaribia 490. Muuzaji atakuonyesha saplai ya njia nane, kila moja miliampia 100, na kukwambia jumla ni 800, inatosha na inabaki. Haitoshi. BigSky itachomekwa kwenye njia moja yenye 100 na itagoma. Jumla iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi haina maana sana; unachotafuta ni kila njia inatoa ngapi, na iwepo angalau moja ya 300 kwenda juu kwa ajili ya reverb kubwa kama BigSky. Saplai kama Zuma ya Strymon inatoa 500 kila njia kati ya njia zake tisa, ndiyo maana bei yake iko vile. Saplai ya njia chache za 100 na mbili tatu za 300 au 500 inawafaa wapiga gitaa wengi ninaowajua, na bei yake haiumizi.

Nije kwenye mvumo. Kwenye maboksi haya utakuta neno "isolated", yaani kila njia ina umeme wake na graundi yake, hazishirikiani kitu na jirani. Faida yake ni hii. Pedali ya digitali haivuti umeme kwa utulivu. Inauvuta kwa mapigo ya kasi kufuata saa ya prosesa yake. Kama inashirikiana waya wa graundi na overdrive, mapigo yale yanatikisa graundi, na overdrive inayaona kama sauti ya gitaa, inayakuza. Matokeo ni ule mluzi mwembamba unaopanda ukiongeza gain (kitasa cha kukuza mkwaruzo). Juu ya hapo, graundi ya umeme na graundi ya waya wa sauti zikikutana mara mbili, zinafanya duara linalokusanya mvumo wa hezi 50 kutoka kwenye transfoma yoyote iliyo jirani.

Pedali ya Fuzz Face ya kizamani, ile ya germaniamu ya 1966 na nakala zake, ni kesi ya peke yake. Transista zake ni za aina ya PNP, kwa hiyo chanya ndiyo graundi. Ukiiunga kwenye waya mmoja wenye vichwa vingi pamoja na pedali za kawaida, umeshikanisha chanya na hasi kupitia waya za sauti. Ipe njia yake iliyotenganishwa, au iachie betri. Mimi naiachia betri.

Maboksi mengi ya bei rahisi yanajiita "isolated" bila kuwa hivyo. Yana njia kumi zenye ulinzi wa shoti kila moja, lakini graundi ni moja kwa zote. Kupima hakuchukui dakika. Nenda dukani na mita ya umeme, iweke kwenye mlio (pale inapolia waya zikiwa zimeungana), boksi likiwa halijachomekwa popote. Gusa pini ya katikati ya njia ya kwanza na pini ya katikati ya njia ya pili. Ni pini ya katikati, si ganda, kwa kuwa hasi ndiyo iko katikati. Ikilia, njia hizo zinashirikiana graundi, hata boksi lingeandikwa kwa dhahabu. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Hata hivyo, si kila mtu anahitaji kutenganisha. Mpiga solo wa dansi mwenye chorus na delay moja ya analogi hana sababu ya kuvunja kibubu. Adapta moja nzuri kama 1 Spot ya Truetone, yenye miliampia 1700 na waya wa vichwa vingi, itamfikisha. Akianza kuchanganya digitali na distortion kali, hapo ndipo aongeze hela.

Kuna hoja ambayo natofautiana na wengi wanaofuata ushauri wa Marekani. Wameaminishwa kwamba saplai nzito ya transfoma ni tulivu kuliko ile nyepesi ya kielektroniki. Kwa umeme ulionyooka, inawezekana. Kwa umeme wetu, wa kushuka jioni na wa jenereta ya kukodi, mimi nachagua nyepesi. Transfoma iliyopangwa kutoa volti 13 kwa umeme wa 230, umeme ukishuka hadi 180 inatoa kama 10 tu. Regyuleta ya 7809 (chipu ya kutuliza volti zibaki 9) inahitaji kama volti mbili juu ya 9 ili ifanye kazi, kwa hiyo inashindwa, na mvumo wa hezi 100 unapita moja kwa moja hadi kwenye spika. Ile nyepesi iliyoandikwa 100–240V haijali. 180 kwake ni kawaida. Na ndugu yako wa Marekani akitaka kukutumia saplai, mwambie kwanza akupige picha ya maandishi ya nyuma. Ikiwa ni 120V 60Hz peke yake, aiache huko huko.

Ubao na amplifaya vichomeke kwenye soketi moja, au ekstensheni moja. Na tafadhali, usikate waya wa ethi ili kuua mvumo, wala usivunje ile pini ndefu ya plagi. Nyuzi za gitaa zimeungwa na graundi ya amplifaya. Ethi ikikatika na kasoro ikatokea, njia ya umeme inakuwa vidole vyako na mdomo ulio kwenye maikrofoni. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi nzuri. Mvumo utafutiwe dawa kwenye ubao.

Kwa wanaopiga kwenye sherehe za nje, siku hizi kuna waya wa USB wa kupandisha volti 5 za pawabenki hadi 9. Nauunga mkono, kwa masharti. Pawabenki iliyoandikwa 10000 mAh inahesabu kwa volti 3.7 za ndani, yaani kama watt-saa 37; ukiondoa kinachopotea njiani, ubao wa miliampia 400 utapata kama saa nane. Ila waya huo nao haujatenganisha kitu, na nyingi ya pawabenki hujizima zikiona mkondo ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Ukiwa na overdrive mbili tu, pawabenki inaweza kukuzimia katikati ya sebene. Ongeza tuner iwe inawaka muda wote, mkondo utapanda na pengine itabaki macho.