Nairobi hadi New York: dhana potofu kuhusu kilomita na saa za ndege

Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8. Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, kwa njia fupi kabisa, ni takriban kilomita 11,840. Makosa mengi huanzia kwenye hesabu ya saa.

"Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, hapo una muda wa safari."

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Tiketi ya Januari ikionyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25, utaona saa 7. Ongeza tofauti ya saa 8 kati ya miji hiyo: ni saa 15. Tofauti hiyo hushuka hadi 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa Marekani husogeza saa mbele na Kenya haisogezi. Ukirudi Nairobi, unatoa tofauti badala ya kuiongeza. Muda huo pia huhesabiwa tangu ndege iachie geti hadi iegeshwe, kwa hiyo hauwi wa angani pekee.

"Kurudi ni haraka kwa sababu dunia inazunguka."

Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinacholeta tofauti ni upepo mkali wa anga za juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi ya kaskazini. Chukua ndege ya kilomita 900 kwa saa na upepo wa wastani wa 60. Kwenda inasonga kwa 840, karibu saa 14 na dakika 6. Kurudi kwa 960, kama saa 12 na dakika 20.

"Njia fupi ni mstari ulionyooka kwenye ramani."

Mstari huo kwenye ramani ya ukutani hukatiza Kongo, Nigeria na Mauritania. Vuta uzi juu ya tufe la dunia uone: unapanda Sudan, Chad, Algeria na Morocco, kisha kupita karibu na visiwa vya Azores. Rubani naye hawezi kuufuata uzi kila siku. Anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na kuzunguka huongeza kilomita na mafuta.

"Ndege ya 00:40 tarehe 12 ni ya usiku wa tarehe 12."

Hili ndilo huwaacha watu uwanjani. Tarehe ya tiketi hubadilika saa sita kamili usiku. Hiyo 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Ukitakiwa kufika masaa matatu kabla, uwe kwenye kaunta saa tatu na dakika arobaini usiku, tarehe 11.